Si wa kahawia, ni wa buluu

Bibi yangu wa Sahare alikuwa na kopo la maziwa ya unga alimohifadhi senti zilizokufa. Hakuzitupa kwa sababu fedha, alisema, ina jasho la mtu hata ikishakataliwa dukani. Masika yakitufungia ndani, mimi na binamu zangu tulizimwaga mkekani tukagawana kama watu wanaogawana mifugo. Senti hamsini ilikuwa na sungura. Senti ishirini ilikuwa na mbuni. Senti kumi za miaka ya mwisho zilikuwa na pundamilia. Na senti tano, ya rangi ya shaba, ilikuwa na sulisuli, samaki mwenye tanga mgongoni na mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia.

Wenzangu waligombea pundamilia. Mimi nilishika sulisuli na sikukubali kubadilishana, kwa sababu ndiye pekee kwenye lile kopo niliyekuwa nimemwona kwa macho yangu. Sungura nilimjua kwa hadithi. Mbuni sikujua hata analia vipi. Lakini sulisuli nilimwona Deep Sea, soko la samaki la Tanga mjini, kwenye mnada, amelazwa sakafuni na tanga lake limejikunja kama mwavuli uliofungwa, dalali akiita bei juu yake. Nilipogundua kwamba Serikali ilimweka samaki wa kwetu kwenye fedha, nilihisi kama imetutaja kwa jina.

Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, hapahapa Tanga, na hisia ile bado ninayo. Kila mwaka nafundisha alama za taifa: bendera, wimbo, nembo, mwenge, twiga. Kila mwaka nawaambia watoto wachore twiga, nao humchora vizuri ajabu, shingo, madoa na vipembe, ingawa wengi wao hawajawahi kumwona akitembea. Wapo twiga Saadani, si mbali na sisi, lakini nauli na kiingilio si vya mtoto wa mvuvi.

Sina ugomvi na twiga. Yuko kwenye ndege za shirika letu, na kwa miaka mingi ukiinua noti kwenye mwanga ulimwona ametokeza kichwa ndani ya karatasi kama mtu anayechungulia dirishani. Kumwua ni kosa kisheria. Tumemzoea hivyo hadi tunadhani alichaguliwa siku ya Uhuru, lakini yeye alianza kazi mapema zaidi. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliweka kichwa cha twiga kwenye bendera yake, na stempu za mwaka 1922 zikabeba kichwa hichohicho. Kabla yao Wajerumani walikuwa na wa kwao. Rupia za kampuni yao ya kikoloni zilikuwa na simba, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walipiga kule Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo. Kila aliyekuja alichagua mnyama mkubwa wa nyikani, yule ambaye mgeni humwona kwanza.

Hata zamani za zamani mambo yalikwenda hivyo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kama zawadi kwa mfalme. Huko wakamwona ni qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, ishara kwamba mfalme wao anatawala kwa haki. Twiga wa watu alivuka bahari akiwa mnyama, akashuka upande wa pili akiwa hoja ya kisiasa. Walioishi naye hawakuulizwa wao humwonaje.

Na nembo yetu ya taifa, ukiitazama vizuri, haina mnyama mzima. Kuna mwanamume na mwanamke, wameshika pembe za ndovu. Sisi wa Pwani tunajua pembe zilikopitia: Bagamoyo, Pangani, na hapa kwetu, mabegani mwa wapagazi waliotoka bara. Kila nikiitazama ile nembo juu ya ubao naziona pembe mbili, na najiuliza alipo mwenyewe.

Nimeanza mbali, lakini ninayetaka kumsemea ni samaki, ili mkoa wetu wa Tanga umchague kuwa mnyama wake.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kigombe, kusini ya Tanga mjini, njia ya Pangani. Mwaka 2004, kaskazi ikiwa imeanza kuvuma, nilikwenda kumtembelea. Alikuwa ametega jarife la papa nje ya mwamba, kilindini, kwa sababu karibu na ufuko samaki walikuwa wamepungua. Baruti ilikuwa imevunja matumbawe mengi, na mwamba uliovunjwa hauna anayeulalia. Alfajiri mashua ilirudi na papa wawili, taa mmoja, na kitu kingine ambacho vijana walikishusha kwa kukibeba wawiliwawili bila kusema neno.

Kwa mbali nilidhani ni chewa mkubwa. Nilipokaribia na karabai nikaona sivyo. Mwili ulikuwa wa buluu iliyokolea, buluu ya wino, na madoa meupe yasiyo na mpangilio, kana kwamba mtu aliyekuwa akipaka chokaa ukutani amemrushia. Magamba yalikuwa makubwa na yanakwaruza. Mapezi hayakuota moja kwa moja mwilini kama ya changu au kolekole. Kila moja lilikuwa na shina la nyama, na mjomba alipolishika na kulizungusha lilizunguka kama mkono wa mtoto mchanga unapovalishwa nguo. Mkia nao uliota mkia: katikati yake kulitokeza kishungi kidogo, cha tatu, ambacho sijakiona kwa samaki mwingine yeyote. Macho yalikuwa makubwa, na karabai ilipoyaangukia yaling'aa kijani.

Wazee waliitwa. Wapo waliovua miaka 50. Mmoja akasema amewahi kusikia, mwingine akasema tumrudishe, lakini alikuwa ameshakufa. Mchuuzi hakupatikana. Mkaza mjomba, ambaye hajapata kutupa samaki maishani mwake, alikata kipande akakikaanga, na kikaango kikajaa mafuta ambayo yeye hakuyatia. Waliokula waliendeshwa na tumbo hadi usiku wa pili. Mjomba alipompasua ili apate walau chambo, kisu kilifika kwenye uti wa mgongo kikapita. Hapakuwa na mfupa. Palikuwa na mrija mnene, na ndani yake majimaji. Mjomba alikaa kitako mchangani, kisu mkononi, akatazama ule mrija kwa muda mrefu. Akaniambia, "Mpwa wangu, huyu hakuumbwa pamoja na hawa wengine."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Yule samaki ni silikanti. Jina lake la kitaalamu limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwiba mtupu, yaani ulio wazi ndani. Wataalamu walimjua kwanza kwa visukuku, alama zake kwenye mawe, na kwa kuwa mawe ya miaka milioni 66 iliyopita kuja huku hayakuwa na alama yake, waliandika kwamba amekwisha, amekwenda na dinosauri. Ndipo tarehe 22 Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, akaitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya nahodha Hendrik Goosen. Chini ya lundo la papa akaona pezi la buluu. Profesa J.L.B. Smith ndiye aliyemtambua, akampa jina la yule mama: Latimeria.

Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza karatasi za tangazo katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwani, zenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100. Zilikuwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Nilipolisoma jambo hilo niliweka kitabu chini. Kutoka Lamu hadi Msumbiji, wavuvi wanaotega kilindini walikuwa wakiongea Kiswahili na lugha ndugu zake, na tangazo la samaki wao likaja kwa lugha tatu za ofisini. Wa pili alipatikana Desemba 1952 kisiwani Nzwani, Komoro, akavuliwa na mvuvi wa huko, na ikabidi mwalimu aliyeiona karatasi amwambie kwamba anachotaka kukiuza sokoni kina thamani hiyo. Kule Komoro wavuvi walikuwa wakimjua siku zote. Walikuwa na jina lake: gombessa. Ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Wakomoro ndio wanaonifanya nilitamani jambo hili kwa ajili ya Tanga. Gombessa wamemfanya wao. Wamemweka kwenye sarafu, wamemweka kwenye noti ya faranga 1000. Timu yao ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake, Masilikanti, na Januari 2022 kule Cameroon, mara yao ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, iliifunga Ghana 3-2. Usiku ule nilikuwa nyumbani kwa jirani yangu Mngazija, Ngamiani. Mzee yule alilia. Aliinuka, akasimama mbele ya runinga, akapiga kifua na kusema, "Gombessa! Gombessa!" Najiuliza ni mnyama gani ningemtaja mimi nikipiga kifua namna ile, na jibu halinijii upesi. Coastal Union wetu ni Wagosi wa Kaya, jina zuri, lakini halina mnyama.

Jirani zetu wengine nao wamefanya vizuri. Wakenya wana jogoo kwenye nembo yao, kashika shoka. Alitoka kwenye chama cha KANU, na hakuna Mkenya asiyewahi kuamshwa na jogoo. Waganda wana korongo mwenye taji, ambaye mkulima wa huko anamkuta shambani. Hao ni wanyama waliochaguliwa na watu wanaoishi nao.

Lakini ziko nchi zilizochelewa, na hizo hunitia huzuni. Mauritius ina dodo kwenye nembo yake, ndege ambaye mabaharia na wanyama waliokuja nao walimmaliza katika karne ya 17. Jimbo la California huko Marekani lina dubu kwenye bendera yake rasmi tangu mwaka 1911. Dubu wa aina ile alionekana California mara ya mwisho mwaka 1924. Kisha mwaka 1953 jimbo likapitisha sheria ya kumtangaza kuwa mnyama wake rasmi. Mwaka 1953! Miaka karibu 30 baada ya nyayo za mwisho. Watoto wa kule wanapeperusha sura ya mnyama ambaye babu zao walimpiga risasi.

India walifanya kinyume chake. Walikuwa na simba kama mnyama wa taifa, nao mapema miaka ya 1970 wakabadilisha wakamchagua chui milia, wakati alipokuwa anaelekea kwisha, na mwaka 1973 wakaanzisha mpango mkubwa wa kumlinda. Siku hizi idadi yake imepanda. Uchaguzi ule ulikuwa na kazi nyuma yake.

Silikanti yuko katikati ya hayo yote kwa namna yake mwenyewe. Dodo alikuwa hai akafa, ndipo akawa nembo. Huyu aliandikwa amekufa, kumbe yuko chini ya mashua za baba zetu. Mchana hulala mapangoni, mara nyingi kwenye kina cha mita 150 hadi 200, usiku hutoka kuwinda polepole, akipeleka mapezi yake kwa zamu, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama wa miguu minne anavyotembea. Hatagi pwani kama kasa. Huzaa watoto walio hai: jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Utafiti wa mwaka 2021 ulisoma magamba yake kama mtu anavyosoma pete za mti, ukakadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kwa takriban miaka 5. Miaka mitano! Kila nikimweleza mama yeyote hapa mtaani, huyo hukaa kimya kwanza, kisha husema maskini. Ukimvua jike mmoja kwenye jarife umevua ukoo.

Kuanzia miaka hiyo ya 2000 makumi ya silikanti walinaswa pwani ya Tanga, wengi wao eneo la Kigombe, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Inaanzia mdomo wa mto Pangani, inapanda kaskazini kupita Tongoni na Mwambani, na ndani yake kuna visiwa vya Karange, Yambe na Toten. Nashukuru ipo. Ila nasikia namna watu wanavyoitaja. Mvuvi akisema "hifadhi" anamaanisha mahali anapokatazwa. Akisema "samaki wa Serikali" anamaanisha silikanti. Neno hilo la pili linaniuma, kwa sababu yule samaki alipandishwa kwa mikono ya mjomba wangu, akakaangwa kwenye kikaango cha mkaza mjomba, na wao ndio waliougusa ule uti mtupu.

Ndiyo maana nasema mkoa wa Tanga umchague silikanti kuwa mnyama wake, rasmi, kwenye karatasi za mkoa, kwenye vibao vya barabarani pale mtu anapoingia mkoani, kwenye jezi za UMISETA, michezo ya shule za sekondari. Wapo watakaosema nyuki ana haki zaidi, maana Novemba 1914 Waingereza waliposhuka hapa Tanga na jeshi lao la kutoka India, nyuki walivurugwa mizingani na risasi wakawavamia askari, na vita ile inakumbukwa kwa jina lao hadi leo. Ni hoja nzuri, na nawapenda nyuki. Lakini nyuki yuko kila mahali. Silikanti katika Tanzania yote amejitokeza kwetu zaidi ya popote, na yuko hatarini kabisa katika orodha za kimataifa. Na pale Chongoleani linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, bahari hii inakwenda kupitisha meli kubwa. Ningependa ziikute bahari ina mwenyewe anayejulikana kwa sura.

Nao wachague watoto. Huko Florida, Marekani, mwaka 1982 wanafunzi wa jimbo zima walipiga kura, wakamchagua chui wao wa vinamasi ambaye alikuwa amebaki kidogo sana. Watoto wa Kigombe, Tongoni, Mwambani, hadi wa Lushoto walio mbali na bahari, kule milimani, wanaweza kupiga kura hiyo katika kipindi kimoja cha asubuhi. Karatasi na kalamu wanazo.

Mwezi uliopita niliwaambia darasa langu wachore silikanti. Kati ya watoto 58, waliompaka rangi ya kahawia walikuwa 55. Nikashangaa, nikauliza. Wakanionyesha picha: kwenye bango, kwenye kitabu cha mtu, kwenye simu ya mzazi, kote yuko kahawia. Samaki waliopigwa picha zile walikuwa wamekufa na kulowekwa dawa, na silikanti akifa buluu yake huondoka. Watatu waliompaka buluu wote ni watoto wa wavuvi.

Jumamosi nilizichukua zile karatasi nikaenda nazo Kigombe. Mjomba alikuwa kivulini chini ya mkungu, mashua yake imepandishwa, imekwanguliwa, inasubiri rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mgosi. Umeleta nini?"

Nikamweleza. Alizipitia moja moja, karatasi 58, akizishika pembeni ili asizichafue. Za kahawia aliziweka kulia, kwenye mchanga, akaziwekea kokoto zisipeperuke. Zile tatu alibaki nazo mkononi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akamwita mjukuu wake aje amsomee majina ya waliochora.

"Hawa wamemwona," akasema.

"Wameambiwa na baba zao," nikamjibu.

"Ni hayohayo." Akamgeukia fundi aliyekuwa anakoroga rangi nyeupe ya mashua. "Buluu unayo?"

Fundi alikuwa nayo robo kopo, imeanza kuganda. Akaizimua kwa mafuta ya taa. Mjomba akaonyesha kwa kidole mahali pa kuchora, omoni, upande wa kulia, juu kidogo ya mstari wa maji. Akaeleza mapezi yenye shina. Akaeleza mkia ulioota mkia. Fundi, kijana wa juzi ambaye hajawahi kumwona, alichora taratibu akisimama kila mara kuuliza, na mjomba akamjibu kila swali, wakati mwingine kwa kuinua mkono wake mwenyewe na kuuzungusha begani.

Mwisho fundi akachovya brashi ndogo kwenye nyeupe. "Na madoa, babu? Niweke mangapi?"

Mjomba akafumba macho, akaanza kuyahesabu.